Kufungua mapema ama kungoja: tuweke Nakuru ya Machi 2021 na Kisumu ya Juni 2021 pamoja tuone

Uliza tu kwa matatu kama lokdauni ya korona ilifunguliwa mapema sana ama ilichelewa, na kabla mfike stage gari yote itakuwa imegawanyika mara mbili. Upande mmoja ni watu wa "fungua watu watafute unga", upande ule mwingine ni watu wa "ngojeni kwanza, kwani hamkuona venye watu walizikwa?" Na wote wako na haki ya kusema. Yule wa unga alilala njaa kweli, na yule wa kungoja alipoteza mzazi kweli. Shida ni kwamba tunabishana juu ya tarehe peke yake, ilikuwa ifunguliwe lini, na hatuulizi kitu gani kilifungwa, kitu gani kiliachwa wazi, na gharama ilibebwa na nani. Mimi naona jibu liko hapo, na sisi watu wa Nakuru, Kisumu na magharibi yote tunaweza kuliona vizuri kuliko wengi, juu tulifungiwa mara mbili kwa njia mbili tofauti kabisa kabla hata miezi mitatu iishe. Ugonjwa mwingine utakuja siku moja na tutaulizwa tena tunataka nini, kwa hivyo afadhali tuanze kufikiria saa hii kichwa kikiwa kimetulia.

Hizo lokdauni mbili zilikuwa aje

Nakuru ilitangulia. Ijumaa tarehe 26 Machi 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zimekuwa eneo moja la maambukizi. Hakuna kuingia hakuna kutoka, si kwa barabara, si kwa reli, si kwa ndege. Kafyu ikatolewa saa nne usiku ikaletwa saa mbili, baa zikafungwa kabisa, hoteli ikawa unanunua chakula unaenda nacho, ibada za kukutana zikasimama. Sababu yenyewe haikuwa ndogo: kati ya Januari na Machi, kwa kila watu 100 waliopimwa, wale waliopatikana na virusi walikuwa wametoka 2 wakafika 22. Hiyo ikakaa mpaka tarehe 1 Mei.

Kisumu ikafuata Ijumaa nyingine, tarehe 18 Juni, ikiwa na wenzake 12: Busia, Vihiga, Kisii, Nyamira, Kakamega, Kericho, Bomet, Bungoma, Trans Nzoia, Siaya, Homa Bay na Migori. Ile aina ya virusi inaitwa Delta ilikuwa imepatikana Kisumu mwezi wa Mei na ilikuwa inasambaa haraka sana. Lakini huku barabara hazikufungwa, watu waliambiwa tu wapunguze safari. Kafyu ndio ilibana, saa moja jioni mpaka saa kumi alfajiri. Masoko yasiyo ya chakula na minada ya mifugo ikafungwa siku 30, ibada zikasimama, marehemu azikwe ndani ya saa 72 na watu wasizidi 50. Na tarehe ya mwisho ilitajwa toka siku ya kwanza, 31 Julai.

Kwa hivyo Nakuru njia ilifungwa soko likaachwa, Kisumu njia iliachwa soko likafungwa.

Njia ama soko?

Nakuru ni mji wa kupitia. Anayetoka Nairobi kwenda Kisumu, Eldoret, Kakamega, Busia, wote wanapita hapa, na nusu ya mji inakula kwa huyo anayepita: mwenye gesti, muuza mahindi choma, makanga, mama wa chai pale stage. Lori za mizigo ziliruhusiwa kuendelea, abiria ndio walikatazwa, kwa hivyo chakula hakikukosekana lakini hao wote wa kungoja msafiri walikaa mikono kifuani wiki tano.

Kitu ambacho mpaka leo hakinikai vizuri ni venye mpaka ulichorwa. Ukiwa Nakuru uliruhusiwa kwenda Nairobi, penye ugonjwa ulikuwa umejaa kuliko kaunti ingine yoyote, juu eti mko eneo moja, lakini hukuruhusiwa kwenda Londiani, ama Mogotio, ama Ol Kalou, penye watu huja Nakuru mjini asubuhi kuuza viazi na kununua dawa wanarudi nyumbani jioni. Mtu wa Ol Kalou duka lake la jumla liko Nakuru, hospitali yake iko Nakuru, mtoto wake anasomea Nakuru, alafu asubuhi moja anaambiwa huko ni ng'ambo. Basi watu wakafanya nini? Gari ilikuwa inasimama kabla ya kizuizi, abiria wanashuka, bodaboda zinawapitisha kwa mashamba, wanapanda gari ingine upande wa pili. Aliyekuwa na pesa alimaliza na karao hapo hapo kwa barabara. Na virusi kama vilikuwepo vilipita na hao hao, wakiwa watatu kwa pikipiki moja wameshikana. Aliyezuilika kabisa ni yule hana nauli mara mbili, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kwetu ni Vihiga, shangazi yangu alizikwa Aprili ile na mazishi niliyafuata kwa simu, video inakatika katika, naona tu miguu ya watu na udongo.

Sasa nitendee haki upande wa pili. Maambukizi yalishuka mpaka kufika Mei, hilo siwezi kataa, na yeyote anayesema lokdauni ya Machi haikufanya kitu anajidanganya. Lakini kumbuka baa zilikuwa zimefungwa, makanisa na misikiti haikutani, wanafunzi wamerudishwa nyumbani isipokuwa wale wa mtihani. Vitu vya kukusanya watu ndani ya nyumba vyote vilizimwa kwa wakati mmoja. Kusema ni kizuizi cha barabara ndio kilishusha namba, hiyo sioni ikithibitika.

Kisumu nayo, chukua Kibuye. Ni soko la hewa wazi, upepo unapita, jua linawaka, Jumapili watu wanatoka mpaka Siaya na Vihiga kununua mitumba na vitanda. Likifungwa, unadhani mwenye belo ya nguo atakaa nayo aiangalie siku 30 na aliichukua kwa mkopo? Dada mmoja ninayemjua anauza nguo za watoto alihamisha biashara kwa nyumba yake Manyatta, chumba kimoja, kitanda kimesukumwa ukutani, nguo zimemwagwa juu ya shuka, wamama wanne watano wanachagua wakiwa wameinama kichwa kwa kichwa, na mlango umefungwa juu akionekana ataripotiwa. Huyo alikuwa ametolewa penye upepo akapelekwa penye hakuna, kwa jina la afya. Ni kama kutoa mtu kwa mvua ukamsukuma ziwani.

Kwa hivyo kama ni kuchagua kati ya hizo mbili, mimi nachagua njia iachwe wazi kama Kisumu na soko liachwe wazi kama Nakuru, alafu kinachofungwa kiwe ni kile cha ndani: baa, kumbi, mikutano ya siasa, ibada ya watu wengi kwa nyumba moja. Na soko la wazi likilazimika kufungwa, likae siku chache na liwe la kwanza kufunguliwa.

Kafyu ya saa moja na kafyu ya saa mbili si tofauti ya saa moja tu

Hapa watu wa ofisi na sisi wengine hatuelewani kabisa. Mtu wa mshahara akisikia kafyu saa moja jioni anaona ni kuwahi nyumbani tu. Sasa fikiria mama wa samaki pale Kondele, Kisumu. Samaki anakaangwa kuanzia saa kumi jioni, mteja wake ni fundi na mtu wa mjengo na mwenye tuktuk, ambaye analipwa jioni na ananunua akirudi nyumbani, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili. Kafyu ya saa moja inakata hiyo biashara katikati. Nilimuuliza mmoja wao wakati huo, "Mama, si uanze kukaanga mapema?" akaniambia, "Nyathina (mwanangu), nikaange nimuuzie nani saa tisa? Mwenye kununua bado hajalipwa." Hakuna jibu kwa hiyo.

Alafu kuna stage. Matatu ya watu 14 ilikuwa inabeba 8, sheria iliyokaa mpaka Agosti 2021, na nauli ilipanda juu mwenye gari pia ako na mkopo. Ukileta kafyu saa moja, mji mzima unataka kwenda nyumbani saa kumi na moja na nusu kwa gari zenye viti vichache. Kwa hivyo ndani ya gari watu wamekaa mbali mbali vizuri, na nje wengine mia wanasukumana mlangoni wakipumuliana kwa shingo. Nakuru ya saa mbili hii ilikuwa nafuu kidogo, watu waligawanyika kwa masaa mengi. Hapa Nakuru inashinda bila mjadala, na kama kuna mtu atapanga kafyu tena aanze kwa kuuliza watu wanalipwa saa ngapi.

Na sitaongelea kafyu bila kutaja polisi. Kafyu ya kwanza ilianza 27 Machi 2020, na kabla wiki iishe mtoto wa miaka 13 alikuwa ameuawa kwa risasi ya polisi huko Kiamaiko, Nairobi, akiwa kwa balkoni ya kwao. Anayesema "wangeendelea kufunga tu" lazima aseme pia atawazuia aje hao wenye kushikilia rungu.

Tufungue kwa tarehe ama kwa namba?

Hii ndio roho ya ubishi wote. Watu wa kungoja wanasema ugonjwa haujui kalenda, angalia namba. Watu wa kufungua wanasema namba haina mwisho, nipe tarehe nijue nitalipa landlord lini.

Angalia Julai 2020. Tarehe 6 Julai, Uhuru akafungua Nairobi, Mombasa na Mandera, na wakati huo nchi nzima ilikuwa na kama watu 8,000 waliopatikana na virusi toka Machi. Mwezi ukiisha walikuwa wamepita 20,000. Watu wa kungoja wakasema si tuliwaambia. Lakini ikafika Septemba, barabara zikiwa bado wazi, kiwango cha maambukizi kilichokuwa 13 kwa 100 mwezi wa Juni kikashuka mpaka 4.4. Watu wa kufungua nao wakasema si tuliwaambia. Alafu kafyu ikasukumwa mpaka saa tano usiku, wanasiasa wakatoka na mikutano yao kila wikendi, na kufika Novemba mambo yameharibika tena mpaka mikutano ya siasa ikapigwa marufuku siku 60. Ukiangalia mwaka mzima hivyo unaona hakuna upande ulikuwa na ukweli wote.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa kipimo toka Mei 2020: kiwango kiwe chini ya 5 kwa 100 kwa wiki mbili mfululizo ndio ufikirie kufungua. Na serikali yetu iliambia kaunti kila moja itayarishe vitanda 300 vya kutenga wagonjwa. Hivyo ni vipimo vizuri, mwananchi anaweza kuvielewa. Lakini ni mara ngapi uliona kwa ukuta wa chifu, ama ukasikia kwa redio ya nyumbani, kwamba Kisumu leo tuko 12, tukifika 5 tunafungua Kibuye? Sisi tulikuwa tunakaa mbele ya TV Ijumaa tukingoja hotuba, na saa sita usiku maisha yanabadilika. Mwenye mayai ameshaagiza trei mia, mwenye harusi ameshalipa tenti.

Kwa hiyo hapa sichagui moja. Nataka namba itajwe, na tarehe ya kuangalia hiyo namba itajwe, kaunti kwa kaunti, ata ikiwezekana wadi kwa wadi, juu Naivasha si Molo na Nyalenda si Muhoroni. Kisumu ilipewa tarehe bila namba. Nakuru haikupewa tarehe wala namba, iliambiwa tu mpaka itakapotangazwa tena. Kati ya hizo mbili ya Kisumu ni afadhali, mtu angalau alijua anahesabu kuelekea wapi.

Majirani zetu wawili

Mtu wa Migori na mtu wa Busia waliona kitu mtu wa Nairobi hakuona. Isebania ukiangalia ng'ambo ni Tanzania, na huko hakukuwa na lokdauni. Namba ziliacha kutangazwa toka mwisho wa Aprili 2020, na Juni Rais Magufuli akasema ugonjwa umeisha. Busia ukiangalia ng'ambo ni Uganda, na huko walifungwa sana, ata Juni 2021 wakafungwa tena siku 42. Kwa hivyo huku kwetu mtu wa "fungua" alikuwa anaelekeza kidole kusini na mtu wa "ngojeni" anaelekeza magharibi.

Mimi sitaki Tanzania ya wakati ule, na sababu si ati walifungua masoko. Kitu cha kuogopesha ni kuficha namba. Mtu akinyimwa namba hawezi kujichagulia, hajui kama amtembelee nyanya yake ama asubiri. Unaweza kufungua kila kitu na bado ukaambia watu ukweli, na ndio Kenya ilifanya Desemba 2021 Omicron ilipokuja: kafyu ilikuwa imeondolewa tarehe 20 Oktoba, kiwango kikapanda kupita 30 kwa 100, namba zikaendelea kusomwa kila siku, na hatukufungiwa tena. Watu walijiamulia wenyewe, wengine waliacha kusafiri Krismasi, wengine walienda. Uganda nayo nitairudia kwa shule.

Nani alikuwa analipa

Hapa ndio Nakuru ya Machi 2021 inashindwa vibaya. Mwaka wa 2020 angalau kulikuwa na kitu: VAT ilishushwa kutoka 16 ikawa 14 kwa 100, anayelipwa 24,000 kwenda chini alisamehewa PAYE, ule ushuru wa mshahara, na vijana wa mitaa ya mabanda waliokota vibarua vya serikali vya Kazi Mtaani. Msamaha wa PAYE ulibaki, lakini VAT ilirudishwa 16 tarehe 1 Januari 2021. Miezi mitatu baadaye tunafungiwa, na VAT imerudi juu. Kwa hivyo ukiona mtu wa Rhonda ama Kaptembwo, mitaa ya hapa Nakuru, alikuwa anapiga kelele "fungua", usimwite mbishi wa sayansi. Aliambiwa akae nyumbani bila chochote mezani. Mimi nikipewa nafasi ya kuuliza swali moja pekee kabla lokdauni yoyote, litakuwa hilo la nani atalipa, juu kama kuna pesa ya chakula watu watangoja ata miezi miwili, na kama haipo wiki mbili ni nyingi.

Kuaminiana

Tarehe 1 Juni 2021 sherehe za Madaraka zilifanywa Kisumu, uwanja mpya wa Mamboleo, na watu wa afya walikuwa wameonya kabla ya siku hiyo. Siku 17 baadaye tukaambiwa sisi ndio eneo hatari. Siwezi kusema ni sherehe ilileta wimbi, Delta ilikuwepo tayari. Lakini jaribu kumwambia mwenye duka Kibuye afunge baada ya kuona hiyo. Na watu wa Siaya walikuwa bado wanakumbuka Aprili 2020, mtu wao alivyozikwa usiku bila jeneza, kaburi fupi, wafanyakazi wamevaa yale magwanda meupe na familia imesimama mbali. Serikali ikikufanyia hivyo mara moja, mara ya pili ikikuambia saa 72 na watu 50, hauoni afya, unaona dharau tu. Kwa hilo ile amri ya 50 yenyewe haikuwa mbaya, na nyumba nyingi zilipunguza gharama, ila ilikuja imechelewa na ilikuja kwa mkono usioaminika.

Shule ndio ilikuwa ianze

Kama kuna mahali watu wa kungoja waliniacha kabisa ni hapa. Weka mpangilio wa 2020 vile ulikuwa. Shule zilifungwa Machi 15. Julai zikafunguliwa barabara, makanisa kwa watu 100 na ndege za ndani, Agosti ndege za nje. Mwisho wa Septemba zikafunguliwa baa. Oktoba 12 ndio wakarudi Gredi ya 4, darasa la 8 na Fomu 4 peke yao. Wale wengine wote walingoja mpaka 4 Januari 2021. Yaani mlevi alirudi kwa kiti chake wiki mbili kabla ya mtoto wa darasa la nane, na miezi mitatu kabla ya mtoto wa Gredi ya 3.

Uganda walichelewa zaidi, huko shule zilirudi kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili. Ukivuka Busia utapata wasichana waliofaa kuwa kidato cha tatu wakiwa na watoto mgongoni, na hakuna tangazo la Ijumaa linaweza kuwarudishia hiyo miaka. Kwa hivyo wewe chagua upande unaotaka, wa mapema ama wa kungoja, lakini kabla uuchague waulize hao wanaokuita upande wao shule iko namba ngapi kwa orodha yao ya kufungua, na wakikuambia iko nyuma ya baa, mimi nakuomba usiwape kura yako.